Chakula kinakukwama kila mara? Usikubali kirahisi kwamba ni kiungulia tu

Kama mezani wewe ndo wa mwisho kumaliza kila siku, kila tonge lazima ulisindikize na maji, nyama unaikatakata vidogo vidogo na unatafuna mpaka wenzio wanakucheka, soma hii. Mimi nimekula hivyo miaka na miaka nikijua ndo nilivyoumbwa, kumbe umio, ile njia ya chakula toka kooni mpaka tumboni, ulikuwa umevimba kwa aleji, ugonjwa unaoitwa eosinophilic esophagitis (EoE).

Iko hivi, kuna seli nyeupe za damu zinaitwa eosinofili, hizohizo zinazowasumbua watu wengi wa pumu, zinajazana kwenye ukuta wa umio ambako kikawaida hazitakiwi kuwepo, na mara nyingi kinachozichokoza ni chakula, maziwa na ngano ndo vinara. Ukiuacha hivyohivyo unaota makovu na njia inazidi kuwa nyembamba.

Sasa kwenye kipimo hapa ndo watu wengi wanapotezwa. Kamera ya kuingizwa kooni (endoskopi) peke yake haitoshi, umio unaweza kuonekana safi kabisa! Omba wachukue vipande vidogo vya nyama ya umio, angalau 6, vya juu na vya chini, wakahesabu eosinofili kwenye darubini, wanatafuta 15 au zaidi kwenye eneo moja linaloonekana kwa darubini. Na vile vipimo vya aleji vya kuchomachoma ngozi havikuambii kwa uhakika chakula gani kinakudhuru huko ndani.

Tiba zipo. Wengine wanatulia na omeprazoli tu, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni. Mimi nilipewa steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) ya kumeza, budesonaidi, ni kama uji mzito unaouacha ushuke taratibu, halafu nusu saa huli wala hunywi ili dawa ikae ukutani, baadae unasukutua mdomo usije ukapata fangasi. Wengine wanaacha maziwa kwanza waone. Marekani toka 2022 wameruhusu na sindano ya dupilumabu, dawa ya kutuliza uvimbe wa aleji. Kutanuliwa umio nako kunasaidia chakula kipite ila uvimbe unabaki palepale.

Halafu usijidanganye na kujisikia poa, kukwama kunaweza kuisha huku seli bado zimejaa, kwahiyo kamera ya marudio usiikwepe hata kama inakera (inakera kweli).

Ila chakula kikikwama mpaka mate hayapiti, usisukumie na tonge lingine, nenda hospitali saa hiyohiyo.