Injini Moja Ikizimika Juu ya Mau

Mwanafunzi wa urubani huambiwa mapema kwamba injini ya pili ni bima, na kwa miaka kadhaa nami niliamini hivyo. Ukirusha ndege ndogo ya injini mbili za pistoni kutoka Kisumu utagundua kwamba bima hiyo ina masharti. Injini moja ikizimika, nguvu hupungua kwa nusu, lakini uwezo wa kupaa hupungua kwa asilimia 80 au zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu hutumika kuiweka ndege hewani tu, na ni ile ziada ndogo inayoipandisha. Kiwanja chetu kiko zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 30 hewa yake huwa nyepesi kama ya futi 6,400 hivi. Eldoret, penye karibu futi 7,000, huanzia hapo hata kabla jua halijapanda.

Asubuhi moja tulikuwa tukielekea Nairobi, mimi na rubani mwenzangu aliyekuwa bado anajifunza, tukiwa futi 11,000 karibu na Londiani, injini ya kulia ilipokohoa mara mbili kisha ikanyamaza. Pua ya ndege ilivutwa kulia, na mguu wangu wa kushoto ukakanyaga wenyewe kuirudisha. Hadi hapo mambo yalikuwa sawa. Tuliwasha pampu ya akiba na kubadilisha tangi, bila mafanikio. Ndipo mkono wangu ulipokwenda kwenye leva ya propela ya kushoto, yaani ya injini iliyokuwa ikitubeba, tayari kuisimamisha.

“Kapteni,” mwenzangu aliuliza, “mguu upi umelala?”

Nilitazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa umekaa juu ya kanyagio bila kazi yoyote, na mguu uliolala ndio unaoonyesha injini iliyokufa. Baadaye nilielewa mkono ule ulikojifunza kosa lake. Katika ndege ambazo propela zote mbili huzunguka upande wa saa, kufa kwa injini ya kushoto ndiko kunakoyumbisha zaidi, kwa hiyo wakufunzi wangu walikuwa wakiizima hiyo karibu kila mara.

Nilirudisha polepole leva ya nguvu ya kulia. Sauti haikubadilika wala pua haikusogea, na huo ndio uthibitisho. Kisha nikalaza mapanga ya propela yaelekeane na upepo, kwani propela inayozungushwa na upepo huivuta ndege nyuma kama breki. Jambo hili halifai kucheleweshwa mno pia: katika ndege nyingi za aina hii, mizunguko ikishuka chini ya takriban 800 kwa dakika, pini za ndani hujifunga na propela hailali tena. Sekunde chache za kuuliza na kuthibitisha, hata hivyo, zipo.

Ndege ilianza kushuka futi 200 hivi kila dakika, nami sikujaribu kuizuia kwa kuinua pua. Nilishika kasi ya alama ya buluu kwenye kipimakasi, yaani ile inayoipa ndege nafasi bora ya kupaa kwa injini moja, nikaiinamisha ndege nyuzi chache upande wa injini iliyo hai. Kasi ikishuka hadi kukaribia alama nyekundu, usukani wa mkia hukosa nguvu ya kushindana na injini hiyo, na ndege inaweza kubiringika. Mbele yetu ulikuwa ukingo wa Mau, usiovukika kwa hali ile. Tuligeuka magharibi, ukingo wa Nandi ukiwa kulia, ardhi ikishuka pamoja nasi hadi kwenye miwa ya Muhoroni na nyanda za Kano. Kwa hiyo nakushauri uamue kabla ya kupaa ni wapi utageukia katika kila sehemu ya safari, maana ramani haisomeki vizuri mguu ukiwa unatetemeka.

Kisumu tulitangaza dharura mapema, na mnara ukatufungulia njia. Magurudumu niliyachelewesha hadi nilipokuwa na hakika ya kufika, kwa kuwa yakishateremka, kupaa tena kwa injini moja katika joto lile si jambo la kutegemea. Njia yetu ya kurukia ina zaidi ya kilomita 3, basi nilitua na kasi ya ziada kidogo badala ya kuhatarisha kupungukiwa.

Siku hizi nikiwa na mwanafunzi, mara nyingi huzima injini ya kulia, na kabla hajagusa leva yoyote sharti aniambie mguu upi umelala.