Umebadilishiwa kifundo cha mguu? Kabla ya kuhesabu nyuzi za kukunja, angalia kama kimenyooka

Wadau, tangu nibadilishiwe kifundo cha mguu watu wananitafuta sana, na karibu wote wanaanza na swali hilohilo, sasa hivi kinakunja kiasi gani? Naelewa kwa nini wanauliza, ila kwangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni mguu umekaaje, yani ukisimama kisigino kimenyooka na muundi au kimelalia upande?

Goti na nyonga mara nyingi zinachoka zenyewe na umri, ila kifundo kikisagika kwa wengi wetu chanzo ni ajali ya zamani, na hapa Dar na hizi bodaboda tupo kibao. Mimi nilivunjika kwenye boda, mfupa ukaunga, maisha yakaendelea, miaka ikapita gegedu linalotenganisha mifupa likaisha ikawa mfupa unasaga mfupa, hata kutoka kitandani kwenda chooni asubuhi ni kushika ukuta. Wengine wanaunganishiwa mifupa iwe kitu kimoja, hapo kifundo hakikunji tena ila maumivu yanapungua, na kwa baadhi ya watu hiyo ndo inawafaa zaidi. Mimi niliwekewa cha bandia, India, chuma juu, chuma chini, katikati plastiki ngumu.

Sasa hiyo plastiki ndo ya kuilinda. Gari isipofanyiwa alaimenti tairi linaliwa upande mmoja, na plastiki nayo uzito ukiilalia upande inaliwa hivyohivyo, na vyuma vinaweza kulegea mapema. Kwa hiyo usishangae daktari akikwambia mbali na kifundo anataka kukata na kunyoosha mfupa wa kisigino, au kukaza mishipa ya pembeni inayoshikilia kifundo, au kurefusha kano la nyuma ya kisigino, hakuongezei kazi bure. Na mtu asikudanganye kwamba mazoezi yatanyoosha kiungo kilichokaa upogo, mazoezi yanalainisha na kutia nguvu, basi. Omba eksrei ya kusimama, umekanyaga chini na uzito wako wote, maana ukipigwa umelala haionyeshi vizuri mguu unabebaje mwili. Nyumbani pia muombe mtu akupige picha kwa nyuma ukiwa umesimama peku, halafu geuza viatu vyako uone soli inaliwa wapi.

Tukija kwenye kukunja. Kifundo kizima kinapandisha unyayo juu kama nyuzi 20 na kuushusha chini kama 50. Cha bandia usitegemee kifike huko, na kinachoamua sana ni kilikuwa kinakunja kiasi gani kabla ya opresheni, kama kilishakakamaa miaka na miaka utaongeza kidogo tu. Faida kubwa ni maumivu kuisha, hili naomba mlielewe kabla hamjalipa hela. Ila kati ya juu na chini, pigania juu. Kutembea kawaida kunataka kama nyuzi 10 za kupanda, ukizikosa kisigino kinanyanyuka mapema, au goti linasukumwa nyuma, au unaanza kutupa unyayo nje bila kujua, mwisho goti nalo linaanza kulalamika.

Kipimo changu ni ukuta. Nasimama naelekea ukutani, kidole gumba karibu na ukuta, kisigino chini kabisa, nasogeza goti hadi liguse ukuta. Likigusa navuta mguu nyuma kidogo narudia, napofikia mwisho naweka alama ya chaki sakafuni. Goti liende usawa wa kidole cha pili, likikimbilia ndani hapo unyayo ndo umebonyea sio kifundo kimekunja, na ukijidanganya hivyo utafurahia namba isiyo ya kweli. Hiki kipimo ni baadaye lakini, ushatoka kwenye hogo la plasta na buti la hospitali na daktari karuhusu kukanyaga. Mwanzo kabisa acha kidonda kifunge, inua mguu juu ya usawa wa moyo, na uvimbe usikutishe, unaweza kukaa miezi mingi, jioni unazidi.

Maisha ya hapa yanajipima yenyewe. Kushuka daladala, tanguliza mguu uliofanyiwa, maana unaobaki juu ndo unaokunja sana. Choo cha kuchuchumaa kwa wengi wetu ndo basi tena, tafuta cha kukaa. Wanaoswali, kiti kinaruhusiwa kwa mwenye udhuru, msijitese. Kutembea, baiskeli, kuogelea sawa, mpira na kukimbia hapana.

Na ndugu zangu, ndama ikivimba ghafla na kuuma, au kidonda kikiwa chekundu kinatoa maji, nenda hospitali siku hiyohiyo usisubiri kliniki, na ukibanwa na pumzi au kifua kikauma hiyo ni dharura, usilale nayo nyumbani.