Kabla hujashusha stata ya lori

Lori likigoma kuwaka alfajiri, dereva husema mara moja kwamba stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, imekufa. Katika kazi yangu ya waya za malori nimeletewa stata nyingi zilizoshushwa zikiwa nzima kabisa, tatizo likiwa kwenye betri au waya. Mwenye lori amelipa ufundi, amelaza mzigo, na bado gari haliwaki. Inaniuma kila nikiona hivyo.

Malori mengi makubwa yana umeme wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo. Zikiwa zimejaa na zimetulia, mita ya kupimia volti isome volti 25 na ushei. Gia iwe fri, matairi yawekewe vigingi, kisha mwambie tandiboi apige stata huku unatazama mita. Ikishuka chini ya 19, shughulikia betri kwanza, na upime kila moja peke yake, maana moja mbovu huiangusha na nyenzake.

Betri zikiwa nzima, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri na nyingine kwenye bolti kubwa ya stata, upige tena. Ikisoma zaidi ya volti 1, umeme unapotelea kwenye waya au viungo vyake. Rudia upande wa hasi, kutoka bodi ya stata hadi betri. Huko ndiko mafundi wengi hawafiki, na ndiko ninakokuta ugonjwa mara nyingi: ethi, yaani waya wa hasi, iliyooza pale inapofungwa kwenye chasisi, kwa nje inaonekana salama, ndani ni kutu tupu.

Sikiliza pia. Stata ikigonga ta-ta-ta kwa haraka, umeme hautoshi. Ikigonga mara moja ikanyamaza na taa zisififie, chunguza solenoidi, ile swichi ya umeme iliyo kwenye stata, kwani shaba zake za ndani huungua. Ikizunguka kwa kelele na injini imetulia tuli, bendeksi (gia ndogo ya stata) imechoka, au meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo bendeksi hulishika) yamelika.

Ukithibitisha kwamba ni stata, toa waya wa hasi wa betri kabla ya spana kugusa kitu kingine. Tafuta mtu wa kukusaidia kuipokea, kwa sababu stata ya lori inaweza kuzidi kilo 20 na hapo chini unalala chali. Ikishatoka, zungusha injini kwa mkono ukague meno yote ya flaiwili. Injini ya silinda sita huwa inasimama sehemu zilezile chache, kwa hiyo meno ya hapo huisha mapema kuliko mengine.

Bendeksi usiiloweke kwenye dizeli wala petroli. Utaosha grisi iliyofungiwa ndani na itaanza kuteleza. Ifute kwa kitambaa. Wakati wa kurudisha, kwangua rangi na kutu pale stata inapokaa, kwa sababu stata nyingi hupata ethi kupitia hapo. Nati ya waya mkubwa ikaze kwa kuishikilia ile ya chini kwa spana ya pili, la sivyo bolti itazunguka na kupasua kifuniko cha solenoidi.

Kwa madereva wa njia za baridi kama Makambako na Njombe: usipige stata zaidi ya sekunde 15 mfululizo, kisha ipumzishe dakika 2. Injini ikizunguka vizuri na bado haiwaki, acha stata, katafute hewa kwenye mfumo wa dizeli.