Unapigwa kwenye Pokémon TCG Pocket? Anza kuhesabu pointi, dameji baadaye

Mkuu umeuliza: mafunzo ya mwanzo ya Pokémon TCG Pocket (gemu la kadi la kwenye simu) umemaliza, vifurushi vya kadi unafungua kila siku, kadi kubwa unazo, Charizard ex na Mewtwo ex umewaweka pamoja kwenye deki moja (zile kadi unazoingia nazo kwenye mechi), ila ukiingia kwenye mechi na watu unapigwa na huelewi imekuwaje. Nalicheza hili gemu tangu lilipotoka Oktoba 2024, nimeshafundisha wadogo zangu nyumbani na jamaa kadhaa, na karibu wote walikwama palepale ulipokwama wewe, kwahiyo ngoja niandike kwa urefu kidogo, vumilia.

Yale mafunzo ya mwanzo yanakufundisha kubonyeza. Weka enaji (nguvu ya kupigia) hapa, kuza Pokémon pale (mpandishe ngazi), piga. Mechi inaamuliwa na nini hayasisitizi kabisa, na inaamuliwa na pointi 3. Ukimwangusha Pokémon wa kawaida unapata 1, ukimwangusha ex (wale wakali wenye alama hiyo kwenye jina) unapata 2, na hawa Mega ex waliokuja 2025 ukimwangusha mmoja tu ni 3, yaani mechi imeisha hapohapo. Sasa kaa uipige hii hesabu taratibu maana ndo gemu lenyewe. Ukishusha ex watupu, mpinzani anahitaji kuangusha wawili tu. Ukiwa na ex mmoja na wengine wa kawaida inategemea anaangusha nani kwanza: akimpata wa kawaida kisha ex, 1 na 2, kashinda kwa kuangusha wawili. Lakini akiangusha wa kawaida, alafu wa kawaida mwingine, ana 2 tu, ex wako bado yupo, inabidi atafute wa tatu. Umemlazimisha kufanya kazi mara tatu. Na kwenye gemu ambalo enaji inakuja moja kwa zamu, kumwangusha mtu wa ziada ni zamu kadhaa zaidi, na hizo zamu ndo zinakupa nafasi ya kugeuza mechi.

Kwahiyo mambo ya kumtoa Pokémon kafara yapo, tena kwa makusudi, kama kwenye drafti unavyotoa kete ili uingie kingi. Kabla hujagusa kitu kila zamu jiulize nina ngapi, yeye ana ngapi, na yupi kati ya wangu akifa nimekwisha. Kama ulishapoteza pointi 1, ex wako aliyebaki na HP (uhai) 30 hatakiwi kukaa mbele, isipokuwa kama pigo lake linamaliza mechi sasa hivi. Mrudishe benchi (nafasi za nyuma za kusubiri), lipa hizo enaji za kurudi, muweke mtu wa kawaida apigwe. Inauma kuzitupa enaji, najua, ila pointi zinauma zaidi.

Twende kwenye enaji maana hapo pia watu wanapotea. Huku hakuna kadi za enaji kwenye deki, kuna sehemu yake pembeni inazalisha moja kila zamu yako, na inayofuata unaonyeshwa kabisa ni ya aina gani. Usipoitumia haijilimbikizi, zamu ijayo hupati mbili. Ukiweka aina mbili za enaji kwenye deki, inayokuja inachaguliwa kwa bahati, na unaweza kukaa unaomba ya umeme inakuja ya maji. Kwa anayeanza nasema aina moja, usinibishie kwa hili kwanza. Alafu kupiga hakuli enaji. Enaji inabaki kwa Pokémon mpaka kadi yenyewe iseme itupwe, au uilipie kurudi benchi.

Mfano mzuri wa hili ni Mewtwo ex. Ana HP 150, pigo lake la Psydrive linashusha 150 ila linataka enaji 4 na likishapiga linatupa 2. Ukimcheza peke yake unapiga mara moja alafu unasubiri zamu mbili ujaze tena. Ndo maana watu wakamuunganisha na Gardevoir, ambaye uwezo wake unachukua enaji moja ya ziada kila zamu na kumpa Pokémon wa aina ya Psychic aliye mbele. Moja yako ya kawaida, moja ya Gardevoir, jumla mbili, zilezile mbili zilizotupwa. Yaani anapiga 150 kila zamu bila kukauka. Ukielewa kwa nini hiyo deki inafanya kazi umeelewa nusu ya sheria za enaji, na utaanza kuona mwenyewe kadi zipi zinaendana bila kuambiwa na mtu.

Nani anaanza huchagui, sarafu inaamua, ila unatakiwa ubadilishe uchezaji kulingana na upande uliopo. Anayeanza zamu yake ya kwanza hapati enaji. Anayefuata anapata, kwahiyo yeye ndo anakuwa wa kwanza kuweka enaji na mara nyingi wa kwanza kupiga. Kwa upande mwingine hakuna anayeruhusiwa kumkuza Pokémon kwenye zamu yake ya kwanza, wala Pokémon uliyemshusha sasa hivi humkuzi zamu hiyohiyo, kwahiyo aliyeanza ndo anafika kwenye kukuza mapema. Deki yenye ngazi tatu kama Ralts, Kirlia, Gardevoir inafurahia kuanza. Deki ya kupiga haraka kama Pikachu ex, ambaye anataka enaji 2 tu, inafurahia kuwa ya pili.

Huyo Pikachu ex tumtumie kuelezea benchi. Anapiga 30 kwa kila Pokémon wa umeme uliyenaye benchi, na benchi ni nafasi tatu, kwahiyo kikomo chake ni 90. Watu wanamjazia benchi Pokémon wa aina nyingine alafu wanashangaa anapiga 30. Soma kadi, imesema wa umeme. Na benchi lenyewe usiliache tupu hata siku moja, maana wa mbele akifa na huna wa kuingia umepoteza mechi hata kama mpinzani hajafikisha pointi 3.

Sasa kwenye kadi zenye neno Supporter, zile za watu, unatumia moja tu kwa zamu. Hapa ndo ukali wa mchezaji unaonekana. Chukua Sabrina. Anamrudisha benchi Pokémon wa mbele wa mpinzani, ila mpinzani ndo anachagua nani aje. Wengi wanamtumia mapema kisa yupo mkononi. Msubirie. Mtumie pale mpinzani ana mmoja tu benchi, hapo hana cha kuchagua, umemchagulia wewe. Au mtumie pale mpigaji wake ameshajazwa enaji zote na waliobaki nyuma hawana kitu, maana atakayekuja hawezi kupiga na umeshajipatia zamu ya bure. Cyrus, aliyekuja na kadi za Januari 2025, ni mkali zaidi: wewe ndo unachagua nani aletwe mbele, sharti awe ameshaumizwa. Na Greninja uwezo wake unashusha dameji 20 kwa Pokémon yeyote wa mpinzani, hata wa benchi. Umeiona? Greninja anamgusa yule ex aliyejificha nyuma, Cyrus anamvuta mbele, mpigaji wako anamaliza. Ex mwenye HP chache hana pa kujificha tena.

Hesabu ya dameji yenyewe ni rahisi, kujumlisha tu. Udhaifu, yaani ukimpiga kwa aina anayoiogopa, ni 20 ya kuongeza, basi. Aliyezoea kadi za karatasi atachanganyikiwa, maana kule udhaifu unazidisha mara mbili, deki ni kadi 60 na benchi ni la watano, huku deki ni 20 na za jina moja mwisho mbili. Mfano: mpinzani ana Pikachu ex mwenye HP 120. Starmie ex wako anapiga 90, haitoshi. Greninja 20 inakuwa 110, bado. Giovanni, naye ni Supporter, anaongeza 10 kwenye mapigo yako zamu hiyo, jumla 120, kaanguka, umechukua pointi 2. Kadi moja ya kuongeza 10 watu wanaidharau sana na ndo inayoamua mechi nyingi.

Mpangilio ndani ya zamu: ukipiga zamu imeisha, kwahiyo kupiga ni mwisho kabisa. Kabla ya hapo, kama una Poké Ball na Professor's Research pamoja, anza na Poké Ball. Inakutolea Pokémon mmoja wa msingi (wa ngazi ya kwanza, anayeshushwa moja kwa moja) kwenye deki, deki inapungua, alafu Research inavyokuvutia kadi 2 una nafasi kubwa zaidi ya kupata ile ya kukuzia unayoitafuta. Kwenye deki ya kadi 20 kila moja inayotoka ina uzito. Enaji usikimbilie kuiweka kabla hujavuta kadi, huwezi jua utapata nini cha kubadilisha mpango. Sumu inakula 10 kila zamu ikiisha, kulala na kupooza kunazuia kupiga na kurudi nyuma, na mwenye sumu ukimrudisha benchi au ukimkuza anapona.

Kwenye kupanga deki angalia Pokémon wa msingi ni wangapi. Mkono wa kwanza ni kadi 5 na gemu linakuhakikishia angalau mmoja wa msingi. Kuna watu walicheza deki ya Articuno ex wawili na kadi 18 zilizobaki zote za kusaidia, Misty (Supporter wa kuongeza enaji za maji) akiwemo, maana walijua lazima waanze na Articuno. Inatisha ikikubali, ila benchi liko tupu, Articuno akianguka mapema kwisha habari, kwahiyo wewe usianzie huko. Anza na mpigaji mmoja wa ex, msaidizi wake, na mmoja wa kawaida anayeweza kukaa mbele apigwe.

Mazoezi fanya na mtu unayemfahamu, siyo na kompyuta ya gemu, maana kompyuta haikuchezei Sabrina kwa akili. Kwenye mechi binafsi mnaandika neno la siri moja nyote wawili mnakutana. Mwambie jamaa yako mcheze huku mnaongea kwenye simu, kila zamu kila mmoja aseme kwa sauti ana pointi ngapi na anaogopa nani aanguke. Na hiyo deki yako ya Charizard ex na Mewtwo ex pamoja ndo kwanza ivunje, ex wanne, enaji aina mbili, weka hapa orodha ya kadi zako zingine tuangalie nani abaki.