Nati ya pinioni na mambo mengine ya difu ya nyuma: kwa fundi anayeanza

Mdogo wangu, difu ya kwanza niliyoiua kwa mikono yangu ilikuja gereji ikiwa nzima. Difu ni kasha la gia kwenye ekseli linalogawia tairi nguvu ya injini, na pinioni ni gia ndogo inayoingiza nguvu hiyo ndani. Shida ya difu ile ilikuwa moja tu, sili ya pinioni, yaani mpira unaozuia oili isitoke, ilikuwa inavuja. Nikashusha propela (shafti ndefu inayotoka gia boksi), nikafungua nati kwa gani ya upepo, nikang'oa flenji (kiungo cha propela na pinioni), nikapachika sili mpya, kisha nikairudisha nati kwa gani ileile hadi ikagoma. Gari likaondoka kavu, hakuna hata tone. Wiki chache baadaye likarudi linaunguruma, na tulipofungua tulikuta beringi za pinioni zimegeuka bluu kwa joto. Namsimulia habari hii kila anayekuja kujifunza, maana wengi huiona sili ya pinioni kama kazi ya nusu saa, kumbe ukishaigusa nati ile umeshazigusa beringi.

Pinioni hukaa juu ya beringi mbili za mshazari zinazotazamana. Katika difu nyingi, katikati yake kuna bushi nyembamba ya chuma iliyotengenezwa ibonyee. Nati inapokazwa, bushi hubonyea kidogo kidogo na beringi husogeleana hadi zipate mkazo uliopangwa na mtengenezaji. Mkazo huo haupimwi kwa ugumu wa nati. Hupimwa kwa nguvu inayotakiwa kuizungusha pinioni yenyewe, ukitumia spana ndogo ya toki (spana inayoonyesha nguvu ya kuzungusha) yenye mshale. Ukipitiliza, bushi haitarudi ilivyokuwa. Kuilegeza nati hakusaidii, kwa kuwa pinioni itabaki inaelea na meno yatagongana. Dawa yake ni bushi mpya na kuanza upya.

Kwa hiyo, kabla ya kuifungua nati, igonge alama kwa panchi: nukta kwenye nati, nyingine kwenye ncha ya shafti, nyingine kwenye flenji. Pima ugumu wa kuizungusha na uuandike. Nati ikitoka, hesabu mizunguko. Wakati wa kurudisha, kaza kwa mkono hadi alama zikutane, kisha ongeza kidogo sana huku ukipima. Gani ya upepo iache ukutani. Na chunguza kwanza difu uliyonayo ni ya aina gani, kwa sababu nyingine hazina bushi ya kubonyea, zina bushi ngumu yenye shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi), na utaratibu wake ni mwingine.

Sasa oili. Katika difu nyingi za nyuma, pinioni imewekwa chini ya kitovu cha kraunwili, gia kubwa ya duara inayozungushwa nayo. Mpangilio huo huyapa meno nguvu na utulivu, lakini una gharama: meno hayabingiriki tu, yanateleza pia, jino juu ya jino, kwa shinikizo kubwa linalotaka kuifuta oili katikati yake. Ndiyo maana difu hizo hudai oili ya daraja la GL-5, yenye viungo vya kuhimili shinikizo hilo. GL-4 iliyobaki kwenye kopo la gia boksi haifai hapa hata kama unene wake unafanana. Kuhusu unene, utakutana sana na 75W-90 na 80W-90, na 85W-140 kwa baadhi ya magari ya mizigo na joto kali. Fuata kitabu cha gari. Difu yenye sahani za kuzuia tairi moja kuteleza huhitaji pia kiungo maalumu cha kulainisha msuguano. Ukikisahau, gari litatetemeka na kunguruma kwenye kona za taratibu, nawe utaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Fungua nati ya kujazia kabla ya kugusa ya kumwagia. Siku zote. Nimeona oili ikimwagwa yote, halafu nati ya juu ikagoma hadi kona zake zikaviringika, na gari likalala gereji bila tone ndani. Mwaga oili ikiwa ya moto baada ya mwendo kidogo, gari likiwa limesimama sawasawa, na ujaze hadi mdomo wa tundu. Kuzidisha pia ni kosa, kwani oili inaweza kufuata hafu shafti (shafti inayokwenda kwenye tairi) hadi kwenye breki.

Nati ya kumwagia ya magari mengi ina sumaku. Isome kabla ya kuifuta. Tope laini la kijivu, kama grisi iliyochanganyika na majivu, ni uchakavu wa kawaida. Magamba membamba yanayong'aa mara nyingi hutoka kwenye beringi. Kipande unachoweza kukishika kwa vidole ni jino, na gari hilo lisiondoke kabla hujafungua difu. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji.

Maji hayo huingiaje? Hapa ndipo naomba unisikilize kuliko mahali pengine, kwa kuwa nimeona difu nyingi zikifa kwa kitu kidogo kuliko kidole. Juu ya ekseli kuna brida, tundu la kupumulia lenye kifuniko. Difu ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka na kutokea hapo. Brida ikizibwa na tope, hewa hiyo hutafuta njia nyingine na kuisukuma oili kupitia kwenye sili. Unabadilisha sili, inavuja tena, unalaumu sili. Lakini ubaya mkubwa uko mtoni. Gari limetembea muda mrefu, difu ni ya moto, kisha linaingia kwenye maji baridi hadi juu ya ekseli. Hewa ya ndani hupoa ghafla na kunywea, na difu huvuta maji kupitia midomo ya sili. Dereva anavuka salama, anafurahi, na maji yanaanza kula beringi kimya kimya. Kila gari la 4x4 linalonyanyuliwa mbele yako, gusa brida yake, izungushe, ihakikishe inapumua. Kwa gari linalovuka maji mara kwa mara, unganisha mpira na uupandishe hadi juu kwenye chumba cha injini. Na kama ekseli imezama, angalia oili siku hiyohiyo. Usingoje kilomita zitimie. Zile 40,000 hadi 80,000 ambazo watengenezaji wengi huzitaja za kubadilisha oili ni za kazi nyepesi. Gari la matope, mizigo na trela lipewe nusu yake.

Kuhusu sauti, mwombe mwenye gari mtoke nalo kabla hujaliinua. Kama mlio mwembamba unakuja ukikanyaga mafuta na kubadilika ukiachia, shuku meno ya kraunwili na pinioni. Mngurumo usiojali mafuta ni wa beringi. Pinioni huzunguka zaidi ya kraunwili, kwa mfano meno 41 kwa 10 ni mizunguko 4.1, hivyo beringi zake hulia kwa sauti ya juu zaidi kuliko zile za pembeni zinazobeba kraunwili. Mngurumo unaobadilika ukiyumbisha usukani kushoto na kulia huenda ni beringi ya tairi, na difu haina hatia. Sauti inayotoka kwenye kona tu, njia iliyonyooka kimya, hutoka kwenye gia ndogo za ndani, zile zinazoziruhusu tairi mbili kuzunguka kwa kasi tofauti. Mgongano mmoja wa "ko!" wakati wa kuondoka, anzia kwenye krosi za propela, yaani viungo vyake vya kukunja.

Gia hizo ndogo huuawa zaidi na dereva. Tairi moja ikiwa imekwama na nyingine inazunguka hewani, ile inayozunguka hukimbia mara mbili ya mwendo wa kraunwili, na gia ndogo husaga pini yake kwa kasi ambayo hazikutengenezewa. Mwambie dereva afunge loki ya difu, inayolazimisha tairi mbili zizunguke pamoja, kabla ya kuingia kwenye tope, tairi zikiwa hazijaanza kuteleza. Tairi mbili za nyuma zisizolingana ukubwa nazo hufanya gia hizo zifanye kazi hata njia iliyonyooka. Na ukibadilisha difu nzima, hesabu uwiano wake: difu ya nyuma yenye uwiano tofauti na ya mbele itapigana nayo mara tu 4x4 itakapofungwa.

Siku utakayofungua gia zenyewe, vifuniko vya beringi za pembeni vitie alama kulia na kushoto, maana vimechongwa pamoja na nyumba yake na havibadilishani. Kraunwili na pinioni husagwa pamoja kiwandani, kwa hiyo hununuliwa pamoja. Mchezo kati ya meno upime kwa daili geji (kipimo cha mshale cha sehemu ndogo za milimita) sehemu kadhaa kwa kuizunguka kraunwili yote. Magari mengi madogo huangukia kati ya mm 0.13 na 0.20, lakini kipimo cha gari lako ndicho cha kufuata. Kisha paka meno rangi, zungusha, utazame yanapogusana: alama ikae katikati ya jino, isikimbilie kileleni wala shinani. Ikikataa, rudi kwenye shimu, hata kama ni mara ya tano. Mimi sijawahi kujuta kurudi.

Gia mpya zisipewe mzigo wala trela mwanzoni. Gari litembee dakika 15 hadi 20, lipoe kabisa, kisha litembee tena. Baada ya kilomita 800 hivi mwaga oili yote, soma sumaku, jaza mpya. Likirudi kwa oili hiyo, toka nalo kwanza kwa mwendo uleule uliolisikilizia siku ya kwanza, ndipo uliinue.