Macho makavu

Mdogo wangu, marahaba. Ujumbe wako nimeusoma nikiwa kwenye basi, nikacheka peke yangu mpaka jirani yangu akageuka. Unasema tangu nije Tanga Desemba mnanisema kwamba nimekuwa na macho makavu, kwa sababu nilimuuliza baba mdogo habari za bati mbele ya watu. Halafu papo hapo unauliza: ukija huku Leicester, Uingereza, Septemba kusoma, na wewe utakuwa hivyo? La bati nitalijia. Kwanza nikueleze nilivyofika hapo, maana sikuzaliwa hivi, unanijua.

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwenzangu mmoja aliinuka akaniuliza kama nakunywa chai. Nikajibu hapana, ahsante. Kwetu hiyo ni salamu tu: unakataa mara ya kwanza, mwenye nyumba anasisitiza, unakataa kwa sauti ndogo zaidi, kikombe kinakuja. Yule dada akasema sawa, akaenda kujitengenezea chai yake. Nimefanya kazi kwa muda wa saa kumi na mbili siku ile bila kikombe hata kimoja, na moyoni namlaumu kwamba ana roho mbaya. Masikini, hakuwa na roho mbaya. Alinisikia nikisema hapana, akaniamini.

Chai si kitu, lakini ugonjwa ule ule ulinikata pesa. Nilianza kazi Oktoba 2022, nikapewa fomu ya mfanyakazi mpya. Ina kauli tatu, A, B na C, unachagua moja. A inasema hii ndiyo kazi yako ya kwanza tangu 6 Aprili, siku ambayo mwaka wao wa kodi huanza. C inasema una kazi nyingine, au unapokea pensheni. Mimi nikawaza: kazi nyingine si ile niliyoiacha Tanga? Nikatia tiki kwenye C. Dada wa ofisini alikuwa amekaa hatua tatu kutoka nilipo, anakula tufaha. Nilishindwa kumuuliza, asije akadhani sijui kusoma.

Matokeo yake nikapewa msimbo wa kodi uitwao BR. Huo hukata asilimia 20 ya kila pauni, tangu ile ya kwanza, bila kukuachia zile pauni 12,570 za mwaka ambazo kwa kawaida hazikatwi kodi. Nikawa napata kama pauni 1,600 kwa mwezi, 320 zinakwenda. Miezi mitano naitazama ile karatasi ya mshahara, naikunja, naiweka chini ya godoro, najiambia Ulaya ndivyo ilivyo. Mwanzoni mwa Machi mama mmoja wa Kifilipino tuliyekuwa tukifanya naye zamu ya usiku akaichukua kutoka mkononi mwangu, akaisoma, akauliza: una kazi mbili? Nikasema hapana. Akasema basi piga simu kwenye ofisi ya kodi, leo.

Nilipiga. Niliandika maneno kwenye karatasi kwanza, nikayarudia mbele ya kioo kama mtoto wa shule anayejifunza shairi. Muziki ulipigwa masikioni mwangu muda mrefu, kisha akaja kijana, akataka namba yangu ya bima ya taifa. Nikamwambia: nina kazi moja tu, nilijaza fomu vibaya, naomba msimbo wangu ubadilishwe. Sentensi moja. Akasema hakuna shida. Kwa kuwa mwaka ule wa kodi nisingefikisha 12,570, sikutakiwa kukatwa hata senti, na mshahara wa mwisho wa Machi ukaja na pauni 1,600 zangu zote juu yake. Hiyo ni zaidi ya milioni nne za kwetu, zimekaa miezi mitano zinasubiri nifungue mdomo.

Usidhani basi kwamba Waingereza ni watu wa kusema "lete". Hao nao wanazunguka, tena wana samahani nyingi kuliko msikiti una majamvi. Samahani kukusumbua, sijui kama ingewezekana, kama huna kazi nyingi. Ila katikati ya pamba zote hizo kile anachokitaka kimetajwa, kwa jina lake, na saa yake. Sisi pamba tunazo, kitu chenyewe hatukitaji. Tunasalimia, tunauliza watoto, tunaulizia mvua, kisha tunanyamaza na kutegemea mtu atambue mwenyewe. Tanga atatambua. Huku atakuaga.

Zahanati ndiko utakakoumia zaidi, kwa hiyo sikiliza. Simu zinafunguliwa saa mbili asubuhi na wote wanapiga kwa pamoja. Anayepokea ni karani, si daktari, na atakuuliza unaumwa nini. Usione ni umbea. Yeye ndiye anayepanga nani aonwe leo. Mimi nilimwambia sijisikii vizuri kidogo. Akauliza, ni haraka? Nikajibu, aa, si sana. Nikapangiwa baada ya wiki tatu. Nilikuwa natokwa damu siku ya kumi na moja, mdogo wangu, na nilimwambia si sana! Na nilipofika, daktari alikuwa na dakika kumi. Nikazitumia kuelezea usingizi na kichwa, na jambo lenyewe nikalitaja nikiwa nimeshika kitasa cha mlango. Bibi alikuwa akisema mficha uchi hazai, nikidhani ni mzaha wa wazee. Siku hizi nasema: tangu lini, kinanizuia kufanya nini, na naomba daktari mwanamke. Ukiwa na mambo mawili, omba muda mrefu zaidi tangu kwenye simu.

Kuna sehemu moja sikuwahi kuona haya. Barabara ya Belgrave kuna mama wa Kihindi mwenye duka, mzaliwa wa Jinja, Uganda, alikuja hapa na wale waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Kiswahili chake kina kutu lakini kinakata. Kwake naomba mihogo iliyo chini kabisa ya boksi, namwambia hii imeoza, namwambia mama punguza, na yeye ananicheka na kunionyesha bei iliyobandikwa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ujasiri ninao, sema ulikuwa unajua lugha moja tu.

Halafu nikagundua la pili. Nilimwomba meneja anibadilishie zamu ya Jumapili. Akasema hapana, hana mtu. Nilirudi nyumbani nimevimba, nikijua sasa ni uadui. Kesho yake akanipigia stori za paka wake. Kwa watu hawa hapana ni jibu tu, linaisha pale pale, ndiyo maana kuomba kwao ni kwepesi. Kwetu ukimnyima mtu mnabeba wote wawili mpaka msibani, kwa hiyo tunamzungukia mtu ili asilazimike kutunyima. Ni adabu, na ni adabu nzuri, sijaidharau. Nilichosahau Desemba ni kwamba nimeshashuka kwenye ndege.

Kwa hiyo mwambie shangazi nakubali kosa. Nisingemuuliza baba mdogo mbele ya wageni, tena kabla hajamaliza kahawa yake. Ningempeleka pembeni, nikamuuliza mgongo wake unaendeleaje, kisha ndiyo bati. Nimempigia simu kumwomba radhi na ameipokea vizuri, ametuma mpaka dua.

Ila bati nilizotuma pesa zinunuliwe ni 60, geji 28, na risiti ninayo. Juu ya paa nilipanda mwenyewe asubuhi ya kuondoka, wakati mmelala. Ziko 42. Hizo nyingine, nitakapompigia Ijumaa, nitamuuliza tena.