Jibu: Silinda ya tatu ina mikwaruzo, nibadilishe ringi tu?

Kaka, kutia ringi mpya (pete za pistoni) kwenye silinda iliyochubuka ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Mie nilijaribu hapa Malindi na pikapu yangu. Miezi miwili tu, moshi wa buluu ukarudi.

Madhali kichwa cha injini kishashuka, pitisha ukucha ndani ya silinda, ukikata mikwaruzo kwa upana. Ukiteleza, kuhoni (kusugua silinda kwa mawe ya kunolea) na ringi mpya huenda zikatosha. Ukikwama, hiyo ni ya kuchongwa, yaani kupanuliwa kwa mashini. Fundi wa mashini apime kwanza juu, kati na chini, kwani silinda huliwa zaidi kule juu, ndipo ununue pistoni za kuzidi milimita 0.25 au 0.50 kuliko za awali. Usinunue kabla ya vipimo! Mkwaruzo ukizidi hapo, atie slivu, yaani bomba jipya la ndani ya silinda.

Lakini umesema mwenye gari wa kwanza akijaza rejeta maji ya kisima. Maji yetu haya ya chumvichumvi huziba rejeta, injini ikachemka, pistoni ikatanuka na kukwaruza. Usiporekebisha hilo utarudi gereji.

Injini ya mtumba kutoka Mombasa? Ulizia bei, ila mie ningechonga hiyo hiyo. Ya mtumba hujui imepitia nini.